Mwanangu anasubiri mkeka wa ajira tangu 2021. Aende Kibaigwa?

Habari za kazi, dada mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kizota hapa Dodoma, nauza viazi na mboga soko la Majengo. Nakuandikia kwa ajili ya kijana wangu wa kwanza. Jina lake nimelificha, maana akijua nimemwandika huku ataninunia mwezi mzima.

Alimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2021, shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Baada ya mahafali alijitolea kufundisha shule moja ya sekondari ya kata. Watoto walimpenda, na mkuu wa shule alikuwa akimsifia kila tukionana. Tatizo nauli. Kuna miezi walimpa, kuna miezi alikuwa ananiomba mimi, mwisho akaona aibu akaacha.

Tangu hapo yuko nyumbani. Akiamka anashika simu, anaingia Ajira Portal, ile tovuti ya maombi ya kazi za serikali, akitoka huko anahamia kwenye magrupu ya walimu wasio na ajira. Humo kila wiki wanaambiana mkeka unatoka, mkeka unatoka, yaani orodha ya majina ya waliopata ajira. Usaili wa walimu ule wa mwanzoni mwa 2025 aliitwa. Mchujo wa kuandika alipita, kwenye mahojiano hakupata. Tangu siku ile amekuwa mtu wa kujifungia. Hata jumuiya hataki kwenda, kwa sababu watu wakimwona salamu yao ni moja: "Vipi, umepata?"

Sasa nina mambo yananichanganya, naomba unisaidie.

Baba yake anasema kijana ni mvivu, aende Bahi tukalime mpunga, elimu imemharibu. Hawaongei vizuri. Mimi nakaa katikati, nikimtetea mtoto naambiwa namdekeza.

Mjomba wake yuko Kibaigwa, ana ghala la mahindi. Msimu ukianza anahitaji karani wa kuandika magunia, mizani, hela inayoingia na kutoka. Ameniambia, "Dada, mlete huyo msomi wako, nitamlipa." Kijana amekataa. Anasema akienda kuandika magunia CV yake itaharibika, na tangazo likitoka akiwa huko litampita. Anasema, "Mama, mimi ni mwalimu, nikishashika mizani hakuna atakayeniona mwalimu tena."

Na kuna mtu hapa mjini, nimeunganishwa naye na mteja wangu, anasema ana mtu wizarani. Tukitoa laki nane "faili litasukumwa" kabla ya mkeka ujao. Nina fedha ya kikoba inayotoka mwezi ujao. Baba yake hajui.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nikiangalia mtaani kwetu vijana wote wamekaa. Waliosoma wamekaa, ambao hawakusoma wamekaa. Nasema labda hakuna kazi kabisa Dodoma hii, ingawa serikali yote imehamia hapa. Je, mwanangu ni mvivu? Nitoe ile fedha? Aende kwa mjomba wake au asubiri?

Mama wa Kizota, Dodoma

JIBU

Shikamoo mama.

Nianze na laki nane, kwa sababu kikoba kinatoka mwezi ujao na huyo mtu atakupigia tena. Usitoe. Maombi ya kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi, na mkeka hautengenezwi na mtu mmoja anayeweza kuchomeka faili la mwanao katikati. Wanaochukua fedha za namna hii mchezo wao ni mwepesi sana: wanapokea kwa watu ishirini, wanakaa kimya, majina yakitoka kuna mmoja au wawili ambao wangepata hata bila wao. Hao wanakuwa mashahidi wa kwamba "jamaa ana koneksheni", na wengine wote wanaambiwa wasubiri awamu ijayo. Na hata kama kweli angekuwa na mtu huko ndani, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayepokea pamoja na anayetoa. Akikusumbua, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haina gharama.

Sasa kijana.

Umeniuliza kama ni mvivu. Tuanze na usaili wenyewe. Walioomba nafasi za ualimu awamu ile walizidi 200,000, nafasi zilikuwa 14,648. Gawa mwenyewe kama unavyogawa mtaji na faida: kila nafasi moja ina watu zaidi ya kumi na watatu. Hata kama wote wangekuwa walimu bora kuliko waliowahi kutokea nchi hii, bado katika kila kundi la watu kumi na watatu, kumi na wawili wangerudi nyumbani. Na mwanao alivuka mchujo. Mtu aliyevuka mchujo hawezi kuitwa mvivu kwa sababu ya matokeo ya mahojiano. Hili baba yake aambiwe, na aambiwe na wewe, kijana akiwa hayupo.

Wala kusubiri kwake si upumbavu. Mwaka 1970 wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, waliandika nadharia waliyoipata kwa kutazama miji ya Afrika, hasa Kenya ambako waliwahi kufanya kazi. Walikuwa wanashangaa kwa nini watu wanamiminika mjini wakati mjini hakuna kazi za kuwatosha. Jibu lao ni kwamba mtu anapima mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa kile anachoweza kupata, na uwezekano wa kukipata. Kazi ikiwa nzuri sana, mtu atakubali kuisubiri hata kama uwezekano ni mdogo. Sasa pima ajira ya serikali kwa macho ya kijana wa Kizota. Mshahara unaingia mwezi hadi mwezi, kuna mfuko wa pensheni wa PSSSF, kuna bima ya afya, na benki inakukopesha kwa hati ya mshahara tu. Ghala la mjomba haliwezi kushindana na hayo. Nadharia hiyohiyo inakujibu pia kuhusu serikali kuhamia hapa. Ofisi zikija Mtumba, kwenye mji wa serikali, watu nao wanakuja, na kila nafasi mpya inavuta watafutaji zaidi ya mmoja. Mji unaweza kuwa na kazi nyingi kuliko zamani na bado wanaosubiri wakaongezeka. Dodoma ya leo iko hivyo. Tangu treni ya SGR ianze 2024, mtu wa Dar es Salaam anakuja usaili asubuhi na jioni amerudi kwake, kwa hiyo mwanao hashindani tena na watoto wa Dodoma peke yao.

Kwa hiyo hesabu yake ina maana. Alipokosea ni sehemu moja: anadhani lazima asubiri akiwa amekaa.

Umesema vijana wote wa mtaani wamekaa, labda hakuna kazi kabisa. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wazee wengi wanakata tamaa kwa kuangalia kijiwe. Fikiria stendi ya daladala ya Sabasaba. Ukipita saa mbili asubuhi unakuta watu thelathini wamesimama. Ukirudi saa nne unakuta thelathini. Unaweza kusema hakuna gari hapa, watu wamesimama tangu asubuhi. Lakini huenda magari yanapita kila baada ya dakika chache, na hao thelathini wa saa nne si wale wa saa mbili, isipokuwa wachache wanaosubiri gari la njia moja isiyopitwa mara kwa mara. Idadi ya waliosimama haikuambii wanasimama muda gani. Wachumi wanaochunguza soko la ajira wanalijua hili vizuri: kuna wangapi wamekosa kazi leo ni swali moja, wangapi wanaingia na kutoka kila mwezi ni swali jingine, na la pili ndilo linalomhusu anayetafuta. Zaidi ya hayo, ukipita mtaani siku yoyote ile, utakaokutana nao wengi ni waliokaa muda mrefu. Aliyekaa wiki tatu akapata, ulimkosa. Yuko kazini, hayupo kijiweni umhesabu. Hivyo kijiwe kinakuonyesha picha mbaya kuliko hali ilivyo, na mwanao anaiona picha hiyohiyo kila siku, tena kwenye simu, maana magrupu ya walimu wasio na ajira yamejaa walimu wasio na ajira. Aliyepata anajitoa.

Yeye ndiye yule anayesubiri gari la njia moja. Simwambii aache kulisubiri. Kwanza ana miaka mingi mbele, kwani matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Lakini huko kuwa na miaka mingi ndiko kunakonitisha. Mtu anaweza kuimaliza yote akiwa chumbani.

Kukaa muda mrefu kuna gharama yake, nami sitakuficha. Marekani, watafiti waliwahi kutuma maelfu ya wasifu wa watu wa kubuni kwa waajiri halisi katika miji 100, tofauti ikiwa ni muda ambao mtu amekaa bila kazi. Matokeo yalichapishwa 2013. Kadiri muda ulivyokuwa mrefu, ndivyo mwajiri alivyopiga simu kwa wachache, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokea ndani ya miezi minane ya kwanza. Mwanao amepita huko zamani. Ila utafiti huohuo una habari njema ambayo watu huisahau: adhabu hiyo ilikuwa kali kwenye miji yenye kazi nyingi, na ikalegea kwenye miji ambako wengi wamekosa. Sababu inaeleweka. Mahali ambapo kazi ni nyingi, mwajiri akiona umekaa mwaka anajiuliza una kasoro gani. Mahali ambapo walimu 200,000 wanagombea nafasi zisizofika 15,000, mkuu wa shule gani atashangaa kuona pengo kwenye wasifu wa mwalimu wa Historia?

Kwa hiyo pengo silo linalonipa hofu. Ninachokiogopa ni hiki ulichoandika kuhusu kujifungia. Huko New Jersey, mwaka 2009 na 2010, wachumi Alan Krueger na Andreas Mueller waliwafuatilia watu waliopoteza kazi, wakiwauliza wiki baada ya wiki wametumia muda gani kutafuta. Muda ulikuwa unapungua kadiri wiki zilivyokwenda, na kutafuta kwenyewe kuliwakosesha raha. Walichoka kabla nafasi hazijaisha. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, mtu ahesabiwe hana ajira anatakiwa awe hakufanya kazi hata saa moja katika wiki inayopimwa, awe tayari kufanya kazi, na awe amechukua hatua ya kutafuta hivi karibuni. Hapa Tanzania tuna kipimo cha kitaifa ambacho ni kipana zaidi, kinawachukua na waliokata tamaa. Kwa kile cha ILO lakini, kijana anayefungua tovuti na kuifunga bila kutuma chochote mwezi mzima hata kwenye orodha ya wasio na ajira hayumo. Kuangalia mkeka si kutafuta kazi, mama. Mwambie hivyo kwa upole, asidhani ni maneno ya baba yake yamepita kinywani mwako.

Atafute wapi basi? Hapa ndipo wengi wanapopotea, waliosoma na wasiosoma. Wanadhani kazi ni ile iliyoanzishwa leo: mradi mpya, ofisi mpya, kibali kipya. Kumbe nafasi nyingi zinapatikana kwa sababu kuna mtu ameondoka. Amestaafu, amehama, amefuata mume Mwanza, amepata pazuri zaidi. Serikali yenyewe ina vibali vinavyoitwa ajira mbadala kwa ajili ya watu kama hao. Fuata basi mnyororo. Mkeka wa walimu ukitoka, si wote waliopangiwa vituo walikuwa majumbani. Baadhi walikuwa wanafundisha shule binafsi. Siku wanapoondoka kwenda kuripoti, wanaacha madarasa katikati ya muhula, na mwenye shule anahitaji mwalimu Jumatatu ijayo, hana muda wa kutangaza. Siku ile ambayo mwanao analia kwa kutoliona jina lake ndiyo siku ambayo angepaswa kuwa amevaa shati, yuko getini kwa shule binafsi na bahasha yake. Wiki mbili baadaye pameshazibwa.

Mlango huo unafunguka na nyakati nyingine. Shule zetu zinaanza mwaka Januari na muhula wa pili Julai, kwa hiyo walimu wa shule binafsi huhama zaidi Desemba na Juni, mikataba inapoisha. Asiende Dodoma mjini tu, ambako kila mhitimu wa UDOM na wa St John's anapiga hodi. Aende Manyoni, Mpwapwa, Kondoa, Singida. Mshahara wa shule binafsi huko unaweza kuwa mdogo, na zipo zinazochelewesha, hilo nalijua. Aulize walimu waliopo kabla ya kusaini. Masomo yake nayo si mabaya kama anavyodhani. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, na mtu mwenye Kiswahili na Historia ndiye hasa shule inayemhitaji. Aliandike somo hilo kwa jina lake kwenye barua ya maombi. Asiseme tu "masomo ya sanaa".

Na nani atamwambia kwamba mwalimu fulani anaondoka? Si marafiki anaoshinda nao. Hao wanajua anachokijua yeye. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwahoji watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, na wengi wao walisema mtu huyo hawakuwa wakionana naye mara kwa mara. Makala yake ni ya 1973, na mwaka 2022 jaribio kubwa kwenye mtandao wa LinkedIn lililohusisha watu karibu milioni 20 lilionyesha jambo linalokaribiana na hilo: watu tusiojuana nao sana wanatusaidia kuhama kazi kuliko wa karibu kabisa. Kwa mwanao hao ni wale aliokaa nao hosteli, aliofanya nao mazoezi ya kufundisha, ambao hajawatafuta tangu mahafali kwa sababu anaona aibu. Awaandikie mmojammoja, asipeleke ujumbe mmoja kwa wote. Asiwaombe kazi. Awaulize tu: shuleni kwenu kuna mwalimu wa Kiswahili au Historia anayetaka kuondoka? Swali hilo mtu analijibu bila kujisikia amebebeshwa mzigo.

Sasa Kibaigwa. Mimi nasema aende, lakini aende kwa mapatano.

Anaogopa CV itaharibika. Mkuu wa shule hatamkataa mwalimu kwa sababu aliwahi kushika daftari la mizani, kama hilo daftari limeandikwa kama kazi yenye majukumu: kutunza kumbukumbu za stoo, kupokea na kutoa fedha, kuandaa taarifa ya wiki. Kwa anayeajiri, mtu aliyekabidhiwa fedha za watu na hazikupotea ana sifa ambayo cheti hakiisemi. Anaogopa tangazo litampita. Kibaigwa iko barabara kuu ya Morogoro, simu inashika, na ombi la Ajira Portal linatumwa kwa simu hiyohiyo anayoitumia Kizota. Vyeti vilivyothibitishwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, aviweke tayari kwenye akaunti yake sasa hivi, asije akahangaika tangazo lenye siku chache likitoka. Akiitwa usaili, mjomba amruhusu. Hilo ni sharti la kwanza, na liongelewe kabla hajapanda basi.

Sharti la pili ni tarehe ya mwisho. Hofu yake kwamba atanasa huko si ya kuchekwa. Wapo walioingia kwenye kazi ya kujishikiza wakatoka na mvi. Soko la Kibaigwa linachangamka mavuno yanapoingia, kuanzia Mei na Juni, halafu linapoa. Akubali msimu mmoja, na mshahara ujulikane ni wa mwezi au wa gunia. Kwa ndugu ndiko hasa mambo haya yanakoachwa hewani, halafu yanaleta ugomvi. Desemba awe ameshaanza kuzunguka shuleni. Sehemu ya fedha aiweke kwa ajili ya nauli za kuzunguka. Nauli ndiyo iliyomtoa kwenye kujitolea, na si yeye peke yake: Addis Ababa, Ethiopia, watafiti waliwapa vijana nauli tu ya kwenda katikati ya mji kutafuta kazi, na uwezekano wao wa kupata kazi rasmi ukapanda kwa muda. Kundi jingine walilifundisha kuandika maombi na kujieleza kwenye usaili, na miaka minne baadaye kipato cha hao kilikuwa bado kiko juu kuliko cha wenzao. Kwa hiyo mahojiano yale aliyoshindwa ayafanyie kazi. Amtafute mwalimu mmoja aliyefaulu awamu ileile, amwombe amweleze aliulizwa nini na alijibu nini.

Kuna na huduma za ajira za serikali, TaESA, zenye mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Ajisajili, halafu aendelee na mengine asiketi kuusubiri nao.

Kitu kimoja umekiandika kwa kupita tu, nami nakiona ni kikubwa kuliko hayo yote: mkuu wa shule ya kata alikuwa anamsifia. Sifa hizo ziko hewani, hazipo kwenye karatasi. Afrika Kusini watafiti waliwashauri watafuta kazi waombe barua fupi kwa waliowahi kuwafanyia kazi, inayosema huyu namjua, alifanya hiki, ni mwaminifu, anawahi. Waombaji walioambatanisha barua hiyo waliitwa zaidi kwa asilimia 60, na waliokuwa wakiambatanisha kabla ya hapo walikuwa wachache. Mwanao amefundisha kweli, ana mkuu wa shule anayemkubali, na kwenye bahasha yake kuna cheti peke yake kama kilivyo kwa wenzake maelfu. Barua iwe na mhuri, namba ya simu ya mkuu, madarasa aliyofundisha, na kama matokeo ya somo yalipanda yatajwe. Msimu ukiisha mjomba naye aandike yake.

Kuhusu baba yake na mpunga wa Bahi, sitasema mengi. Kilimo ni kazi, lakini mtu akipelekwa shambani kama adhabu hatalima vizuri, na familia itapoteza mpunga na mtoto. Baba akiona kijana ameondoka na begi kwenda Kibaigwa, nusu ya ugomvi itakuwa imeisha.

Kwenye jumuiya na pale nyumbani, acheni kumuuliza "umepata?" Kupata hakuko mikononi mwake. Mwulize wiki hii amepeleka bahasha wapi na nani amemjibu. Kukaa naye Jumapili mkaandika shule tatu za wiki inayofuata kunatosha. Afrika Kusini hukohuko, vijana walioandika mpango wao wa wiki walituma maombi mengi kuliko waliobaki na nia tu.

Umeniandikia Aprili. Shule zitafunga Juni, mkuu wa shule anaweza kuhamishwa wakati wowote, na akihama ile barua itakuwa safari nyingine. Aifuate wiki hii, kabla ya Kibaigwa.